Kesi ya Nne

Miaka ile ya hamsini, wakati neno uhuru lilikuwa bado halijapanda mpaka kwetu milimani, nilikuwa karani katika lopitali moja ndogo huko Fizi. Leo lopitali hiyo haiko. Zimebaki ngazi tatu za simenti katikati ya majani. Kazi yangu ilikuwa kupiga mashini. Munganga wetu, Mzungu mwembamba ambaye ukungu wa Fizi ulimtia kikohozi kisichoisha, alikuwa anaandika makala kwa jarida la magonjwa ya akili la Ulaya, na makala hiyo niliipiga mashini mara nne, kuanzia kichwa mpaka muhtasari. Nataja hesabu hiyo ili mtu asije akasema nilikosa kuona jambo kwa sababu ya haraka. Nafasi ya kuona nilikuwa nayo, tena ya kutosha.

Makala ilihusu wanawake wanne wa kandokando ya ziwa waliopatwa na wazimu. Mmoja alikuwa anaongea na mbuzi. Wa pili aliacha kulala. Wa tatu alivua nguo siku za soko. Hao watatu, munganga mwenyewe alikiri, wako kila mahali duniani, na majarida ya Ulaya yamekwisha kuwachoka. Kesi ya nne ndiyo iliyobeba makala. Huyo alikuwa mwanamke ambaye hasemi kabisa, na munganga alikuwa amekwisha kumwandikia barua ya kumpeleka kwenye nyumba kubwa ya wendawazimu, kusini, safari ya siku nyingi kwa meli na treni. Niliwajua watu wawili waliopelekwa huko, na hakuna aliyerudi. Barua ya huyu ilikuwa ndani ya droo yangu, imetiwa sahihi na muhuri. Ilingoja tu jarida likubali makala, maana munganga alitaka kumchunguza mpaka mwisho.

Jarida lilikuwa limetutumia karatasi ya masharti. Nakala tatu. Mistari iachane. Pembeni pabaki nafasi ya vidole vinne. Vitabu vilivyotajwa viorodheshwe kwenye karatasi ya peke yake. Jina la mgonjwa lisiandikwe kamwe. Munganga alibandika karatasi hiyo ukutani karibu na picha ya mfalme, na kati ya hivyo viwili, ni karatasi tuliyoitii zaidi. Haikuwa rahisi. Ukungu uliingia dirishani asubuhi, karatasi zikalegea kama majani ya muhogo yaliyotiwa kwenye maji ya moto, na kaboni ikaacha nakala ya tatu na sura ya kivuli. Nilikuwa nazipeleka jikoni kuzianika juu ya sufuria za maharagwe. Nakala moja ilifika Ulaya na harufu ya kitunguu, na masharti hayakusema lolote juu ya kitunguu.

Kiswahili cha munganga kilikuwa cha kuamrisha tu. Alijua fungua kinywa, vuta pumzi, lala, geuka, na kesho. Kwa ugonjwa wa tumbo maneno hayo yanatosha. Kwa ugonjwa wa akili hayatoshi, kwa hiyo kila asubuhi nilimfuata kitanda kwa kitanda nikawa ulimi wake, na kila mchana nikawa vidole vyake. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, tai moja, na majivuno ya kuwagawia watu kumi wakashiba. Mapadri walinichukua nikiwa na miaka saba, nikasoma mbali na kwetu, na niliporudi niliweza kutaja mito ya Ubelgiji yote kwa mpangilio. Jamaa za baba yangu sikuwajua. Nilijiambia kwamba wao watanijua mimi, na kweli walinijua.

Mwanamke wa kesi ya nne aliletwa kutoka upande wa Nundu, amebebwa kwenye machela, ana homa kali, na pembeni yake mutoto wa mwaka mmoja na nusu mwenye homa hiyohiyo. Aliyewaleta ni mamamkwe wake. Siku hiyo mimi nilikuwa nimeteremka Baraka kutafuta utepe wa mashini, kwa hiyo sista mmoja ndiye aliyewaandikisha. Aliandika jina la ubatizo la mama na jina la ubatizo la bwana yake, ambaye alikuwa kwenye mkataba wa migodi huko Katanga, basi. Majina ya ukoo sista hakuyauliza, kwa kuwa yalikuwa marefu. Kesho yake mamamkwe akarudi kwa watoto wengine wawili waliobaki nyumbani, na kwa pamba ya lazima ya serikali, ambayo haikujali homa ya mtu.

Mutoto alikufa siku ya tatu, mama yake hajui hata kama kumekucha. Wafanyakazi walimzika nyuma ya mikaratusi, kwenye makaburi ya lopitali, ambako kila kaburi lilikuwa na kijiti chenye namba. Namba zote ziliandikwa katika buku langu.

Homa ilipomwachia, munganga na mimi tulikwenda kumpa habari. Aliniona mlangoni, akavuta kitambaa cha kichwani mpaka chini ya kidevu, akageukia ukuta. Nikasema na mgongo wake: "Mama, mutoto amekufa. Tumemuzika vizuri." Mgongo haukujibu. Nje, munganga akaandika kwenye daftari lake kwamba mgonjwa hakuonyesha huzuni.

Ikawa hivyo kila siku. Tukiingia, anafunika uso. Akiulizwa jina, kimya. Akiulizwa kama anasikia sauti za watu wasioonekana, kimya. Sahani ikiletwa tukiwa pale haigusi, tukitoka inarudi tupu, jambo ambalo munganga aliliita ulaji wa siri, likapata aya yake katika makala. Siku moja tulimkuta uani. Nilipotokea kwenye kona tu, aliruka ukuta mdogo wa jikoni akajibanza nyuma ya mapipa ya maji. Hilo nalo likapata aya. Mara tatu munganga aliniamuru nimshike taya na kumfungua kinywa, aone kama ulimi una kasoro. Nilimshika. Alitetemeka mwili mzima, macho ameyafumba, na mimi nikauandika mtetemeko huo katika Kifaransa kizuri.

Akahamishiwa chumba cha mwisho, chenye kufuli. Chakula alipelekewa na sista mzee ambaye Kiswahili chake kilikuwa cha sala tupu. Mamamkwe alipanda mara moja na kikapu cha ndagala kavu, dagaa wa ziwani, mlinzi akamrudisha getini, akamweleza kwamba mgonjwa wa makala haonwi. Ndagala zikapokelewa.

Bahasha niliishusha mwenyewe Baraka, nikaiona inaingia kwenye mfuko wa posta wa meli, tukakaa kungoja. Kungoja jarida ni kazi kama kazi nyingine, ila haina saa ya kupumzika. Munganga alisikiliza kila kamio, kila lori lililopanda kutoka ziwani. Aliniambia siku moja, bila kunitazama, kwamba makala ikitoka huenda wakamwita mji mkubwa, mahali pakavu. Nilimwombea, maana nilidhani atanichukua.

Barua ilikuja baada ya miezi miwili na zaidi. Ilikuwa na adabu sana. Walikubali makala kwa sharti kwamba tujibu maswali ya msomaji wao mmoja, ambaye jina lake halikutajwa, sawa na wagonjwa wetu. Maswali yalikuwa sita, mengi juu ya nafasi za pembeni na majina ya vitabu. La nne liliuliza hivi: mgonjwa asiyesema alihojiwa kwa kinywa cha nani, na je, hunyamaza mbele ya watu wote au mbele ya baadhi?

"Huyu hajatoka Ulaya tangu azaliwe," munganga alisema. Akaniambia nipige: mgonjwa alihojiwa kwa lugha yake, kupitia msaidizi mwenyeji mwenye elimu, hunyamaza mbele ya watu wote. Neno elimu nililipiga kwa raha. Ilikuwa Jumatano. Ijumaa kamio ingeshuka Baraka kuiwahi meli, na ndani yake zingekwenda safari zote mbili: majibu kwenye bahasha, na mwanamke na barua yake ya kusini. Lakini munganga alikuwa mtu wa haki kwa mambo ya karatasi. Akaniambia niwaulize wafanyakazi kwanza, kwa utaratibu tu, ili sentensi iwe na miguu.

Nilimwendea mama wa kufua, mtu mzima mwenye mikono myekundu ya sabuni, nikamkuta kwenye karo ya nyuma.

"Mama, huyu wa chumba cha mwisho, anasemaga?"

"Anasemaga sana. Jana amenigombeza juu ya sabuni, ati inamuwasha."

"Anasema na wewe?"

"Na mi, na mupishi, na ule wa kufagia. Pa dirisha. Ni muntu wa maneno mingi, akianza haachi."

"Mbona hasemi na sisi?"

Aliweka shuka chini, akanitazama kama anayemtazama mtu anayeleta mzaha matangani.

"Atasema namna gani mbele ya baba mukwe yake?"

Nikamuuliza baba mkwe gani. Akaninyoshea kidevu.

Kisha akanieleza taratibu, kama kwa mgeni. Babu wa bwana wa yule mwanamke na baba yangu ni wa nyumba moja. Baba wa bwana yake ni kaka yangu kwa ukoo. Kwa hiyo mimi ni baba mudogo wa bwana yake, na yeye ni mkamwana wangu. Mamamkwe alikuwa ameniona siku ile nikishuka kwenye kamio kutoka Baraka, akataka kunisalimia, nikapita na tai yangu na utepe wangu. Akaacha neno kwa mama wa kufua: huyu akipona, mumwambie karani ni mukwe wake, asimuvunjie heshima.

Kwetu hakuna mtoto asiyejua mambo ya bukwe, ile heshima ya wakwe. Mkamwana hamtazami baba mkwe usoni. Hasemi mbele yake, hali mbele yake, na akikutana naye njiani anaiacha njia. Kumgusa, hapo hata watu hawazungumzi. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na minne na yeye alikwisha kupita thelathini, lakini bukwe hauhesabu miaka. Mwanamke huyu alikuwa anatunza heshima yangu kwa nguvu zake zote, hadi kuruka ukuta, na mimi nilikuwa nahesabu heshima hiyo kwa aya.

"Mbona hamukuniambia?" nikauliza.

"Tulifikiri unajua. Vile ulisemesha mugongo yake, tukasema, karani iko na adabu."

"Na kumushika kinywa?"

"Ile ya kumushika kinywa," alisema, akaokota shuka yake, "tulisema ni elimu."

Niliona aibu. Sisemi hivyo kwa kupamba. Nilikaa kwenye ukingo wa karo, suruali ikalowa, na nilikaa kwa muda mrefu hata mama wa kufua akaniomba nisogee, maana nilikalia kazi yake.

Nilifikiri kunyamaza. Ijumaa ilikuwa keshokutwa, hakuna ambaye angejua, na neno elimu lilikuwa limekwisha kupigwa kwenye nakala zote tatu. Munganga angepata mji wake mkavu, na mimi pengine nyuma yake. Nilifikiri hivyo kutoka karoni mpaka mlango wa bureau, ofisi yetu, na njia hiyo niliitembea polepole. Nikaingia nikasema.

Munganga alisikiliza mpaka mwisho bila kukohoa.

"Wewe ni baba yake?" aliuliza.

"Baba wa bwana yake, Munganga."

"Una miaka ishirini na minne."

"Ndiyo."

"Na kila siku umekuwa unaingia na mimi."

"Kila siku."

Akasema itabidi kuthibitisha. Tatizo likawa namna ya kuthibitisha, maana mama wa kufua hakujua Kifaransa hata salamu, na munganga alikuwa na maneno yake matano. Tukafanya hivi. Mama wa kufua alikwenda dirishani, mahali pake pa siku zote. Munganga akasimama mlangoni. Mimi nikasimama mbali, nyuma ya tangi la maji, ambako mwanamke hawezi kuniona. Swali lilitembea kutoka kwa munganga mpaka kwangu, kutoka kwangu kwa mama wa kufua, na kutoka kwake mpaka dirishani. Jibu lilirudi kwa njia hiyohiyo. Mama wa kufua alikuwa na magoti mabovu, na utafiti wote ulikwenda kwa mwendo wa magoti yake.

Kwanza munganga aliagiza aulizwe jina. Nikasikia sauti kutoka chumbani, ya chini, yenye mkwaruzo kidogo, maneno sikuyapata. Mama wa kufua akaja na jina, na jina la baba, na la kijiji, na la mto unaopita kijijini, na hesabu ya mbuzi. Munganga akaandika, kisha akaacha kuandika. Akaagiza aulizwe kwa nini hakusema chochote kwa miezi yote hiyo.

Safari hii mama wa kufua alikawia. Aliporudi alishika tangi kwanza, akapumua.

"Anasema atajibu yote munganga anataka. Anaomba naye ajibiwe moja. Mutoto wake amelala wapi?"

Nami nikalishika tangi.

"Ni hiyo nilikuja kukuuliza," aliendelea. "Mara mbili, pa mulango ya bureau. Ulikuwa unapiga ile mashini. Ukasema, kesho, mama."

Nilikumbuka. Ilikuwa ukurasa wa kumi na moja, mara zote mbili, kwa sababu mara ya kwanza niliukosea.

Nilimtafsiria munganga. Alivua miwani. Aliuliza kama hatukumwambia. Nikamjibu kwamba kufa tulimwambia, mahali hatukumwambia. Akauliza kwa nini. "Hakuuliza," nikasema, na neno hilo tulilisikia sote wawili likibaki pale hewani na harufu ya sabuni. Akaondoka kwenda bureau na sikumwona tena mpaka jioni.

Habari ya makala niimalize hapa, isije ikaingilia inayofuata. Munganga aliondoa kesi ya nne na kumwandikia msomaji asiye na jina sababu yake, bila kujificha. Jarida likajibu kwamba kesi tatu zilizobaki zinafanana na nyingi walizo nazo, wakaturudishia karatasi zetu kwa adabu ileile. Barua ya kusini aliichana kwa mkono wake. Ijumaa mwanamke alishuka Baraka kwa kamio, amekaa mbele na mama wa kufua, na watu wa Nundu walikuja kumpokea. Munganga alibaki Fizi na kikohozi chake. Hakunilaumu hata siku moja, na hilo lilinisumbua kuliko lawama.

Lakini kabla ya Ijumaa ilikuwa Jumatano hiyo, mchana. Nilifungua buku nikaitafuta namba. Ilikuwa kumi na tisa. Ningeweza kumpa mama wa kufua namba hiyo akaenda naye, ningependa iwe hivyo, ila mvua ilikuwa imekwisha kufuta rangi kwenye vijiti vyote. Ilibidi kuhesabu kutoka kona ya chini, kwa kuruka safu ya watu wa ndui, na aliyejua kuhesabu hivyo nilikuwa mimi tu.

Kwa hiyo nilitangulia. Bukwe unaruhusu hilo: baba mkwe anakwenda mbele, hageuki, na mkamwana anafuata kwa mbali. Nilisikia kufuli ikifunguliwa, kisha miguu ya watu wawili nyuma yangu kwenye majani makavu ya mikaratusi, mmoja wa magoti mabovu na mmoja mwepesi, unaotaka kukimbia na unajizuia. Kutoka dirisha la chumba cha mwisho mpaka kona ya makaburi hapakuwa mbali. Nilihesabu hatua bila kutaka; hazikufika mia.

Nilihesabu vijiti kwa sauti, ili wasikie sikosei. Kwenye cha kumi na tisa nikainama, nikaweka mkono juu yake, nikakikaza kidogo ardhini kwa kuwa kilikuwa kimelegea. Kisha sikuweza kurudi, maana yeye alikuwa nyuma. Nikaendelea mbele moja kwa moja, nikapita kwenye uzio, nikaingia katika mahindi ya masista, nikasimama humo, nimewapa mgongo.

Hakulia kwanza. Alisalimia. Alimsalimia mutoto kwa jina, akampa salamu za ndugu zake wawili, mmoja mmoja, na za bibi yake. Mama wa kufua alisema ukweli, alikuwa mtu wa maneno mengi. Kisha sauti ikakatika, na ilipotoka tena ilikuwa inamwomba mutoto radhi.

"Nilikuwa hapa tu," alimwambia. "Siku zote mama yako nilikuwa hapa tu, pa dirisha ile pale. Sikuonyeshwa."

Akairudia mara nyingi. Nilisimama katika mahindi nikiwa nimewapa mgongo mpaka alipomaliza, na jua lilikuwa limeshuka sana alipomaliza.